Ngome Isiyo na Kuta: Uhakiki wa Insha za Ziara ya Dufile

Madhumuni ya makala haya ni kuzihakiki insha ambazo wanafunzi wetu wa Arua na Koboko waliziandika baada ya kuizuru ngome ya kale ya Dufile, iliyoko wilaya ya Moyo kando ya Mto Naili. Pamoja na insha hizo tutaihakiki kalamu nyekundu tuliyozisahihishia, kwa kuwa tumekuja kutambua kwamba kosa kubwa kuliko yote halikuwa la wanafunzi. Walimu wenzetu wanajua kuwa insha ya ziara ni zoezi la kawaida: mwanafunzi hupelekwa mahali, hurudi, huandika kurasa mbili, hupewa alama, na mambo huishia hapo. Safari hii mambo hayakuishia hapo, na twaona yafaa tueleze kwa nini.

Kwanza tueleze mahali penyewe. Barabara itokayo Arua hupita Koboko na Yumbe hata kufika Moyo, kisha njia huteremka kuelekea mtoni. Mgeni aliyezoea picha za ngome vitabuni aweza kupita bila kujua kwamba amekwisha kufika. Dufile haina ukuta mrefu wa mawe unaomlaki mgeni. Kilichoko ni tuta la udongo na handaki, vikiuzunguka uwanja mpana, na upande mmoja mto wenyewe ndio kinga. Nyasi zimeota juu ya tuta, na asiyeonyeshwa hudhani ni mwinuko wa ardhi tu.

Ngome hii iliwekwa katika miaka ya 1870, wakati serikali ya Misri ilipokuwa ikilitawala jimbo la Ekwatoria chini ya Charles Gordon. Mahali palichaguliwa kwa sababu ya maji. Kaskazini yake yako maporomoko ya Fola, ambayo meli haiwezi kuyapita. Kusini yake mto ni mtulivu hata Ziwa Albert. Kwa hiyo meli za mvuke zilizoitwa Khedive na Nyanza zilibebwa vipande vipande kwa nchi kavu, zikaunganishwa Dufile na kutiwa majini. Mwaka 1878 Emin Pasha, daktari mzaliwa wa Silesia ambaye jina lake la kwanza lilikuwa Eduard Schnitzer, akawa gavana wa jimbo. Mwaka 1885, majeshi ya Mahdi yalipokuwa yakizidi kusogea, alihamisha makao yake kutoka Lado hadi Wadelai, ambayo iko kusini ya Dufile kwenye mto huo huo.

Sasa tuje kwenye insha. Ile tuliyoipa alama nyingi kuliko zote iliandikwa na mvulana wa Arua mwenye hati nzuri. Ilianza kwa siku njema ya Jumamosi na jua kuchomoza kwa madaha. Methali zilikuwa tano, na zote zilikaa mahali pake. Upatanisho wa sarufi haukuwa na dosari hata moja. Kisha mwandishi akafika ngomeni, akaziona kuta ndefu za mawe zilizopasuliwa na umri, na mizinga iliyoelekezwa mtoni kama vidole vya mzee anayeonya. Sisi tulipiga mstari chini ya tashbihi ile, tukaandika pembeni: vizuri sana.

Kuta hizo hazipo. Mizinga ile hatukuiona, wala yeye hakuiona. Tulisimama naye juu ya tuta lile lile la udongo, naye akarudi nyumbani akaandika ngome nyingine. Jambo la kutuaibisha ni kwamba sisi nasi tulikuwako, tukaisoma insha yake, tukaikubali.

Ngome aliyoiandika twaijua: ni Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo picha yake kila mwanafunzi wa Kiswahili amekwisha kuiona. Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya mjenzi Mtaliana, Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1631 mfalme wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, aliasi na kuwatoa Wareno humo. Walirudi, na mwaka 1696 Waomani wakaizingira hata walipoitwaa mwezi Desemba 1698. Waingereza waliifanya gereza tangu mwaka 1895 hadi 1958, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hatumlaumu mtoto kwa kuipenda ngome hiyo. Twalaumu mafundisho yanayomfanya aamini kwamba ngome ya kweli ni ile ya kitabuni, na kwamba udongo wa kwao haustahili kuandikwa kwa Kiswahili kizuri.

Kosa la pili lilikuwa katika takriban insha zote, nalo limo katika kitenzi. Wanafunzi waliandika: ngome ilijengwa na Emin Pasha. Sisi tulitia alama ya sahihi, maana kauli ya kutendwa imetumika kama tulivyofundisha. Sentensi hiyo ina makosa mawili. La kwanza ni la tarehe, kwa kuwa kituo kilikuwapo kabla Emin hajawa gavana. La pili ni zito zaidi. Katika kauli ya kutendwa, neno linalofuata kiunganishi "na" ndilo mtenda. Je, Emin alishika jembe? Handaki lile lilichimbwa na mikono ya askari na ya watu wa nchi, udongo ukatupwa ndani na kushindiliwa hata ukawa tuta. Vipande vya meli vilibebwa mabegani na vichwani mwa watu. Sarufi inayompa gavana kazi ya wote hao ni sarufi sahihi inayosema uongo. Mwalimu wa lugha asipoliona jambo hilo, nani ataliona?

La tatu ni neno "kuokoa". Insha ziliandika kwamba Stanley alikuja kumwokoa Emin. Ndivyo vitabu vya Ulaya vilivyosimulia, na wanafunzi walilipokea neno hilo bila kulipima. Tulipime sisi. Stanley alifika Ziwa Albert kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 1887, akiwa na Waungwana wa Unguja waliokuwa wapagazi na askari wake. Wengi wao walikufa msituni Kongo. Alileta barua ya Khedive wa Misri iliyowaambia watu wa Ekwatoria kwamba wanaweza kuondoka pamoja na Stanley, au wabaki kwa hiari yao na kujitegemea. Askari wengi hawakuiamini. Walikuwa na wake, watoto na mashamba huku. Misri wengi wao hawakuijua. Walihofia kwamba wanatolewa kwao ili wakatiwe mikononi mwa wageni. Mwezi Agosti 1888, hapo hapo Dufile, walimkamata gavana wao pamoja na Jephson, msaidizi wa Stanley, wakawaweka kizuizini hadi mwezi Novemba. Majeshi ya Mahdi yalipoishambulia Dufile mwishoni mwa mwezi huo, Emin alikwisha kwenda Wadelai. Askari walioitwa waasi ndio walioihami ngome, nao wakawarudisha nyuma washambuliaji.

Mwezi Aprili 1889 Stanley aliondoka na Emin kuelekea pwani, na tarehe 4 Desemba mwaka huo wakaingia Bagamoyo. Maelfu ya askari na jamaa zao walibaki nyuma. Kama hadithi hii ni ya kuokolewa, basi waliookolewa ni wachache sana, na waliosahauliwa ndio waliobaki kuijaza nchi.

Twafika sasa kwenye jambo linalotuhusu sisi walimu wa Kiswahili kuliko watu wengine. Mwezi Septemba 1891, Kapteni Lugard alikutana na Selim Bey, mkubwa wa askari waliobaki, huko Kavalli karibu na Ziwa Albert, wakapatana. Msafara wa Lugard ulikuwa na Waswahili. Hivyo Kiswahili cha wapagazi kilikaa pamoja na Kiarabu cha kambini, kwanza katika ngome za Toro, kisha Kampala. Kutoka katika watu wale ilitokea jamii ya Wanubi, wenye lugha yao ya Kinubi, ambao leo wako Bombo, Arua, Kibera ya Nairobi na penginepo. Mwaka 1902 jeshi la King's African Rifles lilipoundwa, Wasudani hao walikuwa miongoni mwa nguzo zake, na Kiswahili kikawa lugha ya jeshi hilo. Kwa vizazi vingi vijana wa West Nile waliandikishwa humo. Walirudi Koboko na Arua na vyeo, na malipo ya uzeeni, na Kiswahili.

Ushahidi umo ndani ya msamiati wetu. Neno "afande" asili yake ni Kituruki, na njia yake ilipitia katika jeshi la Misri na Sudan. Ndivyo yalivyo pia maneno "shaushi" na "ombasha", ambayo wazee waliyatumia kwa vyeo vya sajini na koplo. Mwanafunzi anayemwita askari "afande" anatamka neno lililotembea kutoka kambi hadi kambi kabla babu yake hajazaliwa.

Hata maneno yetu ya kuitaja ngome yana historia yake. "Gereza" lilitokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Pwani lilikuja kuwa jina la ngome, na kule Kilwa Kisiwani ngome ya kale hadi leo huitwa Gereza. Mwisho likawa jina la nyumba ya wafungwa. "Boma" lilikuwa zizi la ng'ombe au ua wa kijiji, hata serikali za kikoloni zilipojenga ofisi zao ndani ya maboma, na watu wakawa wanakwenda bomani kulipa kodi. Nasi wa West Nile tuna mfano wetu. Eneo letu lilipotiwa Uganda mwaka 1914, baada ya kuwa sehemu ya Lado chini ya Leopold wa Ubelgiji, kisha chini ya Sudan, boma la wilaya liliwekwa Arua. Wazee husimulia kwamba jina Arua limetokana na neno la Kilugbara la kifungo, kwa sababu watu waliufahamu mji ule kwanza kama mahali pa kufungiwa. Kanisa likawa ngome, ngome ikawa kifungo, kifungo kikawa mji. Somo la namna hiyo lamtosha mwalimu kwa wiki nzima, wala halihitaji ukuta wa mawe.

Kwa nini basi tulikuwa hatulifundishi? Tuseme kweli. Tulikuwa tukilikwepa. Katika mji wetu wako wazazi ambao hawapendi watoto wao wajifunze Kiswahili. Mmoja wao, mama wa Koboko, alikuja shuleni akatuambia kwa upole, "Walimu wangu, lugha hiyo mimi niliisikia mara ya kwanza mlangoni usiku, na aliyeisema alikuwa na bunduki." Hatukuwa na jibu. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, na wengi wetu tunaoandika hapa tulizaliwa au kulelewa ukimbizini. Nani miongoni mwetu atamwambia mama yule kwamba amekosea?

Kwa hiyo tulichagua njia nyepesi. Darasani tulikisifu Kiswahili kuwa ni lugha ya umoja, ya biashara na ya ushairi wa pwani, tukawasimulia wanafunzi habari za Muyaka wa Mombasa, tukaacha kutaja ngome, kambi na mlango uliogongwa usiku. Tulidhani tunakitetea. Kumbe mwanafunzi alijua nyumbani kwao habari nyingine, akatuona sisi ni watu wa kuremba. Akajifunza kwamba Kiswahili cha shule ni cha kuandika mambo yasiyokuwapo. Kutoka hapo hadi kuta za mawe za Dufile ni hatua moja tu.

Serikali kwa upande wake imekwisha kutoa uamuzi mara kadhaa. Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa kwa amri. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Amri yaweza kumweka mtoto darasani, lakini haiwezi kumpa mama yake sababu ya kufurahi. Sababu hiyo ni kazi yetu, na hatutaipata kwa kuficha nusu ya habari.

Tumalizie kwa insha nyingine, ambayo tuliipa alama chache. Mwandishi wake ni msichana wa Koboko. Aliandika "askari ilichimba" badala ya "walichimba", na "handaki ile" badala ya "handaki lile". Methali hakuwa nayo hata moja. Ukurasa wake ulirudi umejaa wino mwekundu kama mtu aliyejikata. Lakini tulipouchukua tena, baada ya kuzungumza juu ya kuta zisizokuwapo, tuliona kwamba yeye peke yake alikuwa amefika Dufile. Alieleza kuwa aliteremka ndani ya handaki, akakumbuka shimo ambalo kaka zake walichimba nyuma ya nyumba kwa ajili ya kufyatua matofali, na jinsi walivyolala wagonjwa wa mgongo kwa siku mbili. Akauliza: udongo huu wote uliinuliwa kwa kitu gani? Akauliza wake wa askari walikwenda kuteka maji upande gani, kama lango lilifungwa. Akamaliza kwa kusema kwamba babu yake alikuwa askari, na kwamba Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu, isipokuwa alipowaimbia wajukuu.

Hiyo sentensi ya mwisho tulikuwa tumeikata kwa sababu haikuhusu ziara.

Tunakiri kwamba tulikosea. Hatusemi upatanisho wa ngeli hauna maana. "Askari ilichimba" ni kosa, na twaendelea kulisahihisha. Tena lina ubaya wa pekee, kwa sababu linamfanya mtu awe kitu, na msichana yule hakukusudia hivyo, kwani yeye ndiye aliyewaona askari kuwa watu. Mwenzake aliyeandika sarufi safi hakuwaona kabisa. Mizani yetu ilipima ulimi, ikasahau macho. Insha mbili hizo tumezisahihisha upya, na wanafunzi wote wawili tumewaeleza sababu. Mvulana aliuliza kama aruhusiwe kwenda tena. Tulimjibu kwamba ndilo jibu bora alilowahi kutupa.

Kutokana na hayo twatoa mapendekezo kwa walimu wenzetu, hasa wa mikoa ambayo haina majumba ya mawe. Kwanza, ziara isianze kwa jina la gavana. Ianze kwa maswali: nani alichimba, nani alibeba, nani alipika, na walisemezana kwa lugha gani. Pili, kauli ya kutendwa ifundishwe hapo hapo uwanjani, ili mwanafunzi ajifunze kumtafuta mtenda wa kweli kabla ya kuandika "na". Tatu, wazee waliowahi kutumikia jeshini, Wanubi na wasio Wanubi, waalikwe waeleze maneno waliyoyatumia, na maneno hayo yaandikwe. Nne, alama za insha ya ziara zigawanywe, sehemu iwe ya lugha na sehemu iwe ya mambo yaliyoonwa. Na jambo lisiloonwa lisipewe alama hata likiwa limevikwa tashbihi ya dhahabu.

Na mama wa Koboko je? Tulimpelekea insha ya msichana yule, tukamsomea polepole, kwa idhini ya mwenyewe. Alipofika mahali pa babu aliyewaimbia wajukuu, alisema kwamba baba yake naye alikuwa na wimbo mmoja wa namna hiyo. Hakutuambia kwamba amebadili mawazo, wala hatukumwuliza. Aliomba tumsomee tena mwisho ule. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na sisi twaona kwamba lugha nayo, ikifichwa ilikotoka, haitazaa West Nile. Ngome ya Dufile iko pale pale, nyasi juu ya tuta, mto upande mmoja. Walimu wapelekeni watoto wakaione ilivyo, kisha waandike walichokiona.